Namna ya kuisoma picha ya kasri la Kifaransa kabla hujamtumia fundi

Kama upo Mwanza na unajenga, au unajipanga kujenga, nina uhakika kwenye simu yako au ya mwenza wako kuna picha ya jumba la mawe meupe, minara ya mviringo kwenye kona, paa refu limechongoka, maji yamelizunguka na bustani imenyooshwa kwa rula. Picha hizo zinazunguka sana kwenye magrupu ya wasapu, na mimi ninayechora ramani za nyumba huwa zinanifikia zikiwa na maneno mawili tu, "kama hii". Kupenda kasri siyo kosa, mi mwenyewe nayapenda hayo majengo kupita kiasi, ila mtu akininyooshea kidole kwenye mnara huwa namuuliza unajua huo mnara ulikuwa unafanya kazi gani? Hajui. Na anataka kuulipia kwa tofali, nondo na saruji za hela yake mwenyewe.

Basi huu mwongozo ni wa kujifunza kuangalia. Ukiumaliza utaweza kuchukua picha yoyote ya kasri la Ufaransa, ukaivuta kwenye simu, ukasema hapa pamejengwa kwa ajili ya vita, hapa pamejengwa watu waishi vizuri, hapa ni urembo tu, na ndo utajua cha kuchukua na cha kuacha kwenye kiwanja chako cha Buhongwa au Nyegezi.

Swali ni moja tu na unaliuliza kila kipande cha jengo kimoja kimoja: wewe ulikuwa kazini, au ulikuwa unapendezesha? Kwenye makasri ya zamani zaidi karibu kila kitu kilikuwa kazini. Kwenye yale ya baadaye vitu vilevile vipo ila kazi imeshaisha, vimebaki kwa sababu vinapendeza na kwa sababu mwenye nyumba alitaka aonekane mtu mkubwa. Ugumu ni kwamba majengo mengi yana vyote viwili kwenye ukuta mmoja.

Historia kidogo, usiiruke

Kwenye mwaka 1000 hivi mfalme wa Ufaransa alikuwa na nguvu kwa jina tu, kila bwana mwenye ardhi alijilinda mwenyewe dhidi ya jirani yake. Ngome nyingi za wakati ule zilikuwa udongo uliorundikwa ukawa kilima, juu yake mnara wa mbao, chini uwanja umezungushiwa uzio wa magogo. Zinajengwa fasta, ila mbao zinaungua, kwahiyo wenye uwezo wakaanza kuhamia kwenye mawe. Mmoja wa waliojenga sana ni Fulk Nerra, mtawala wa Anjou aliyefariki 1040, na mnara wa Loches unaohusishwa na yeye bado umesimama, una urefu wa mita 36 hivi, wenye pembe nne, kuta nene balaa. Uangalie huo mnara kwanza kabla ya kasri lolote zuri zuri maana ndo mzizi wenyewe: hakuna pambo, madirisha machache na membamba, ndani giza na baridi. Bwana mkubwa alikuwa analala humo na mkewe na watoto na akiona ni sawa tu kwa sababu nje kuna watu wanaotaka kumuua.

Kuanzia hapo mpaka miaka ya 1400 ni mbio kati ya anayeshambulia na anayejilinda, huyu akibuni kitu yule anabuni dawa yake. Mnara wa mraba una kona, na kona ndo sehemu dhaifu, adui akichimba chini yake mawe yanaporomoka, halafu aliyeko juu hamwoni vizuri mtu aliyejificha kwenye kona. Dawa ikawa mnara wa mviringo. Mfalme Philippe Auguste, aliyeanza kutawala 1180, ndo aliyeusambaza huo mtindo kwenye ngome zake, na Louvre ya Paris ambayo leo ni jumba la makumbusho ilianza kama ngome yake mwishoni mwa miaka ya 1100, ukishuka chini ya lile jengo bado kuna misingi ya ile minara.

Huyohuyo mwaka 1204 aliiteka Château Gaillard, ngome ambayo mfalme Richard wa Uingereza alikuwa ameijenga kwa haraka ya ajabu kati ya 1196 na 1198 juu ya jabali linaloangalia mto Seine. Watu wa Mwanza hii mtaielewa haraka kuliko wengine, jabali halichimbiki chini kirahisi na ukiwa juu unaona kila mtumbwi unaopita, ukisimama Capri Point ukaangalia ziwani unapata wazo. Ila hata jabali halikutosha, walizingirwa miezi na miezi wakishindia njaa mpaka ngome ikaanguka.

Halafu ikaja mizinga. Vita vya Miaka Mia kati ya Ufaransa na Uingereza viliisha 1453 kwenye mapigano ya Castillon, na hapo mizinga ya Wafaransa ndo iliyomaliza kazi. Ukuta mrefu ambao kwa miaka mia nne ulikuwa ndo ulinzi sasa umekuwa shabaha, kadri ulivyo mrefu ndivyo unavyolengwa vizuri. Ngome za kweli zikaanza kushuka chini, kunenepa na kujazwa udongo, na ukizifuata mpaka miaka ya 1600 unafika kwa Vauban, mhandisi wa Louis wa 14, ambaye ngome zake ukiziona kutoka angani zina umbo la nyota na kutoka chini unaona nyasi na tuta tu. Hizo ni za wanajeshi, mwenye mali haishi humo. Yeye kashaachana na ukuta, kaenda kufungua madirisha.

Na hakuachana nao kwa sababu ya mizinga peke yake. Mfalme alikuwa ameshapata nguvu na hakutaka tena watu wenye ngome zao binafsi, mpaka 1626 chini ya Richelieu, waziri mkuu wa mfalme, ikatoka amri ya kubomoa ngome zote za ndani ya nchi ambazo hazilindi mpaka. Na kabla ya hapo, 1494, Charles wa 8 aliingia Italia na jeshi, vita yenyewe haikumletea faida ya maana, ila aliona majumba ya kule yenye bustani na mwanga akarudi na mafundi wa Kiitaliano wakafanye hivyo kwenye kasri lake la Amboise. Hakulifaidi sana. Aprili 1498 alijigonga kichwa kwenye kizingiti cha juu cha mlango humohumo Amboise akafariki siku ileile, na wala hakuwa mtu mrefu. Kwahiyo jamani urefu wa lenta muusimamie.

Anza na madirisha

Sasa fungua picha. Usianze na minara, najua macho yanaenda huko, anza na madirisha maana hayadanganyi. Angalia ghorofa ya chini. Kama chini hakuna dirisha kabisa, au kuna mipasuko myembamba ya wima tu, hapo palikuwa pa vita. Ule mpasuko kwa nje ni mwembamba lakini kwa ndani umepanuka, mpiga mishale anapata nafasi ya kugeuka kulia na kushoto huku wa nje hana pa kulenga.

Kama madirisha ni makubwa, yana msalaba wa jiwe katikati, na yamepangwa moja juu ya lingine kwa mstari ulionyooka mpaka kwenye kidirisha cha paa chenye mapambo, hapo upo mwishoni mwa miaka ya 1400 au kwenye miaka ya 1500. Mtu anayeweka dirisha kubwa chini ni mtu asiyetegemea kupigwa jiwe kesho.

Na ukikuta mipasuko na madirisha makubwa kwenye ukuta mmoja, madirisha hayafuatani vizuri, moja limekaa juu kidogo lingine limejibana kando, basi ukuta ni wa zamani na madirisha yalitobolewa baadaye watu walipochoka giza. Hii ipo sana.

Minara: angalia miguu

Mnara uliokuwa kazini unaanzia ardhini, mara nyingi chini ni mnene kuliko juu, na umejitokeza nje ya mstari wa ukuta. Kujitokeza ndo kazi yake kubwa, mtu aliyeko kwenye mnara anapiga mishale kupita sambamba na ukuta na kumpata aliyeweka ngazi. Ndomana haipo mmoja bali inafuatana. Angers, iliyojengwa kwenye miaka ya 1230 wakati Louis wa 9 bado kijana, ina minara 17 mikubwa ya mawe meusi yenye mistari ya mawe meupe, na ukiiona leo imekatwa vichwa, ilishushwa mwishoni mwa miaka ya 1500 kwenye vita vya dini ili mizinga ikae juu. Hiyo ni minara iliyofanya kazi mpaka mwisho.

Mnara wa urembo haufiki chini. Umening'inia kwenye kona kuanzia ghorofa ya kwanza, mwembamba, paa lake limechongoka, ndani hautoshi hata askari wawili wenye silaha. Azay-le-Rideau ndo mfano mzuri kuliko yote, ilianza kujengwa 1518, minara yake ya kona imening'inia na inapendeza kweli, ila kivita haizuii hata mwizi wa kuku.

Mkanda wa juu wenye matundu

Hii wengi hawaioni mpaka uwaonyeshe. Vuta picha pale juu ya ukuta chini tu ya paa. Utaona mawe yamejitokeza kama meno yakibeba ukingo, na kati ya jino na jino kuna uwazi unaotazama chini. Kwenye ngome ya kweli ule uwazi ni tundu la kudondoshea mawe kichwani kwa mtu aliyefika mguuni mwa ukuta. (Yale mafuta ya moto tunayoona kwenye muvi, mafuta yalikuwa ghali jamani, mawe ni bure.)

Sasa rudi Azay utazame mkanda huohuo. Upo, umezunguka jengo lote, umechongwa vizuri, lakini juu yake kuna madirisha ya kawaida ya chumba na chini ya jengo kuna madirisha makubwa. Nani atadondosha jiwe juu ya dirisha lake mwenyewe? Umekuwa pambo, kama vifungo vya mkononi mwa koti ambavyo havifungi chochote. Ukijua kuuona huo mkanda na kuusoma umeshaelewa nusu nzima ya hii historia.

Maji

Handaki la kuzunguka ngome mara nyingi halikuwa hata na maji, lilikuwa shimo kavu la kumzuia adui asisogeze ngazi wala mnara wa magurudumu na asichimbe chini ya ukuta. Penye maji ilikuwa afadhali zaidi kwa ulinzi, ila fikiria pia vyoo vya ukutani vilivyokuwa vinadondoshea humohumo. Baadaye kazi ilipoisha maji yakasafishwa yakawa kioo cha kuonyeshea jengo mara mbili, na picha nyingi za Azay unazozipenda zinapendeza kwa sababu ya hicho kioo, ambacho kilitengenezwa baadaye sana kuliko kasri lenyewe.

Kwa Mwanza mimi ushauri wangu ni mkavu: handaki la maji usijenge. Maji yaliyosimama ni mbu, na pembeni ya ziwa letu kuna kichocho juu yake. Na wale wanaotaka nyumba iingie ziwani kama Chenonceau inavyovuka mto Cher, sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, kwahiyo kabla hujaniletea hiyo picha pima kwanza kiwanja kinaanzia wapi.

Paa, bomba za moshi na ngazi

Paa la mteremko mkali ni la mvua na theluji za kule, limeezekwa kwa vipande vya jiwe jeusi jembamba, ni zito sana na linahitaji mbao za kutisha. Bomba za moshi zinakwambia kitu kingine: kila bomba ni chumba chenye moto, yaani chumba ambacho mtu alikaa kwa raha wakati wa baridi. Hesabu bomba. Mnara wa Loches huoni kitu, Chambord, kasri la mfalme François wa kwanza, ukiangalia paa unaona msitu, wanahesabu sehemu za moto 282. Hizo bomba na vile vibanda vya juu ya paa ni maonyesho mtupu, mfalme na wageni walikuwa wanapanda juu kutazama uwindaji.

Ngazi ni kipimo kizuri kama una picha za ndani. Ngazi ya ngome ni nyembamba, inazunguka, imefichwa ndani ya unene wa ukuta, anapita mtu mmoja. Kasri la starehe linaitoa ngazi hadharani. Blois, upande wa François wa kwanza, ngazi inazunguka bado lakini imetolewa nje uani na ina roshani, watu wanasimama kutazamana. Chenonceau wakaweka ngazi iliyonyooka, kitu kilichokuwa kigeni Ufaransa wakati huo. Chambord kuna ngazi mbili zinazozunguka pamoja, anayepanda na anayeshuka wanaonana kwenye madirisha ya katikati bila kukutana. Wanapenda kusema ni wazo la Leonardo da Vinci, kweli mzee alikuwa akiishi Amboise tangu 1516 kwa mwaliko wa mfalme na alifariki Mei 1519, mwaka uleule ujenzi wa Chambord ulipoanza, ila mchoro wake wa hiyo ngazi kwa hilo jengo haupo.

Sasa fanya zoezi

Tafuta picha za Langeais kwanza. Andika hilo jina tu, zitakuja. Tafuta ya upande wa mjini: daraja la kuinua, minara minene ya mviringo, mkanda wa matundu, ukuta umekunja uso. Halafu tafuta ya upande wa bustani: madirisha makubwa, nyumba ya mtu tajiri imetulia. Ni jengo moja, lililojengwa kwa amri ya Louis wa 11 kuanzia miaka ya 1460, na hapo ndo Charles wa 8 alipomuoa Anne wa Bretagne Desemba 1491. Sura mbili kwa sababu wakati wenyewe ulikuwa na sura mbili, hawakuwa na uhakika kama vita imeisha. Kwa mtu anayejifunza sijui picha bora kuliko hizo mbili ukiziweka pamoja.

Ya pili Blois, ila utafute picha inayoonyesha ua wote. Unapata ukumbi wa miaka ya 1200, upande wa tofali na mawe wa Louis wa 12 uliojengwa kuanzia 1498, upande wa François wa kwanza wenye ile ngazi, ulioanza 1515, na upande wa Gaston d'Orléans, mdogo wa mfalme Louis wa 13, aliouchora François Mansart kwenye miaka ya 1630, ulionyooka, kushoto sawa na kulia. Huu wa mwisho haukumalizika, hela ilikata. Simama katikati kwa macho na ujaribu kusema upi ni upi kabla hujasoma maelezo.

Chambord ni mtihani wa kuchanganya. Ukiiona kwa mbali utaapa ni ngome, kuna mnara mkuu wa mraba na minara minne mikubwa ya mviringo kwenye kona, mpango uleule wa zamani. Sasa uliza swali. Madirisha? Makubwa, mpaka chini. Ukuta unaweza kuzuia mzinga? Wala. Ni nyumba ya kuwindia iliyovaa nguo za ngome, vyumba zaidi ya 400, na François alikaa humo wiki chache tu kwa jumla maisha yake yote, samani zinaletwa na msafara wake na zinaondoka naye. Kwahiyo ukisema unataka nyumba kama Chambord ujue unaomba nyumba ambayo hata mwenyewe hakuishi.

Chenonceau ukiivuta utaona mnara mmoja wa mviringo umesimama peke yake mbele ya nyumba. Huo ni mabaki ya ngome ya zamani, Thomas Bohier aliponunua akabomoa ngome yote akauacha huo na kuurembesha, halafu nyumba mpya akaipandisha mtoni juu ya misingi ya kinu, kati ya 1513 na 1521. Kwa kweli aliyesimamia saiti ni mkewe Katherine Briçonnet maana mume alikuwa vitani na mfalme muda mwingi. Daraja likaongezwa na Diane de Poitiers, kipenzi wa Henri wa 2, na mfalme alipofariki 1559 mjane wake Catherine de Médicis akamtoa Diane akachukua nyumba, akajenga ukumbi wa mita 60 juu ya daraja la mwenzie. Hiyo familia acha tu.

Mwisho Vaux-le-Vicomte. Hapo huoni tena swali la vita, hata handaki lililopo ni mapambo, jengo na bustani vimechorwa kwa pamoja na watu watatu, Le Vau kwenye jengo, Le Brun kwenye mapambo ya ndani, Le Nôtre kwenye bustani. Mwenyewe alikuwa Nicolas Fouquet, msimamizi wa fedha wa mfalme. Tarehe 17 Agosti 1661 akamkaribisha Louis wa 14 kwenye sherehe, tarehe 5 Septemba akakamatwa na akafia gerezani, na wale mafundi watatu wakachukuliwa kwenda kupanua Versailles, ambayo baba wa mfalme alikuwa ameianza 1623 kama nyumba ndogo ya kuwindia, na serikali yote ikahamia huko 1682.

Kuna kitu nimekiona kwenye hii orodha na huwa nakisema kila nikipata nafasi. Bohier wa Chenonceau alikuwa mtu wa fedha za mfalme. Gilles Berthelot wa Azay naye mtu wa fedha. Fouquet naye. Waliohamisha kasri kutoka kwenye vita kwenda kwenye uzuri siyo wapiganaji, ni watu wa mahesabu waliotaka kuonekana wa ukoo mkubwa, ndo sababu wakabakiza minara. Na wote watatu nyumba ziliwaponyoka: mtoto wa Bohier alimwachia mfalme Chenonceau kwa madeni ya baba yake, Berthelot akakimbia kabla Azay haijaisha, na Fouquet ndo huyo.

Picha za kuziogopa

Lile kasri jeupe kwenye mlima wa misitu, linalotumwa kuliko yote, siyo la Ufaransa kabisa. Ni Neuschwanstein, lipo Ujerumani, lilianza kujengwa 1869 wakati reli zipo, halijawahi kuona vita ya mishale. Pierrefonds ni ya Ufaransa na ilikuwa ngome kweli, ila ilikuwa gofu, na unachokiona leo msanifu majengo Viollet-le-Duc alikijenga kwa ajili ya Napoleon wa 3 kuanzia 1857 kwa namna alivyoona inafaa. Huyohuyo ndo aliyekarabati kuta za Carcassonne, na zile paa zilizochongoka za kule zimebishaniwa mpaka kesho. Picha ikiwa kamili mno, hakuna jiwe lililoliwa wala dirisha lililokaa vibaya, shuku.

Na ukitaka kuona ngome ya kweli inavyopanda kuanzia msingi, tafuta video za Guédelon huko Burgundy, tangu 1997 wanajenga ngome mpya kwa mbinu za miaka ya 1200, wanachonga mawe kwa mkono na kuyainua kwa gurudumu analotembea mtu ndani. Mwonyeshe fundi wako, ataangalia mpaka bando liishe.

Cha kuchukua uje nacho Mwanza

Madirisha yaliyopangwa kwa mstari, chukua bila kuogopa, hayaongezi gharama na nyumba inasimama vizuri. Ulinganifu wa kushoto na kulia wa ule upande wa Mansart, chukua kama kiwanja ni tambarare, ila kwenye mteremko wa Isamilo au Bugando utakugharimu msingi, na huko afadhali ufuate ngome za zamani zilizokubali umbo la jabali badala ya kulipasua. Mistari ya mawe meusi na meupe ya Angers inawezekana kabisa hapa, mawe tunayo mpaka tunayakimbia, fanya hata kwenye ukuta wa fensi.

Bustani ndo ningekusukuma zaidi. Villandry, ambayo Joachim Carvallo aliinunua 1906 na kuifufua bustani yake, imepangwa kwa ngazi za ardhi na kuna sehemu nzima ya mboga, kabichi na malenge vimepandwa kwa michoro. Kiwanja cha mlimani lazima ukikate ngazi hata hivyo ili mvua isibebe udongo, basi panda mchicha, figiri na nyanya kwa mpangilio, unakula na unapendeza.

Paa la mteremko mkali wa kwao acha, kenchi zake zitakula bajeti ya nyumba nzima na upepo wa ziwa utaligombania. Bomba za moshi acha. Mkanda wa meno chini ya paa unaweza kuuweka kama urembo, ni zege kidogo tu, ila ukubali ni urembo kama Azay walivyokubali. Mnara, kama roho haitulii, uweke mmoja na uupe kazi: ngazi ipite humo na juu likae tenki la maji, maana wa mlimani mnajua presha ya maji ilivyo, na hata ngome za jabalini maji yalikuwa shida.

Ukishamaliza kuisoma picha yako ichore mistari hukohuko kwenye simu, nyekundu palipokuwa vitani, kijani panapoishi mtu, njano pa urembo, halafu ndo umtumie mchoraji pamoja na vipimo vya kiwanja na picha ya mteremko uliyoipiga ukiwa umesimama chini siyo juu. Ya juu inauficha mteremko wote, na mchoraji atakupa bei ya tambarare.